Kwa Crispin Wote Wanafika

Shule zilipofungwa ule mwezi wa Machi kwa sababu ya corona, tulifanya kile kilichofanywa na kila mtu: tulifungua kundi la WhatsApp. Mimi, Sista Anyesi, mwalimu wa taaluma katika shule ya parokia huku Uru, mlimani juu ya Moshi, ndiye niliyekabidhiwa kulisimamia, na naomba nisikabidhiwe tena kitu cha namna hiyo maishani. Asubuhi niliweka humo somo la hesabu la darasa la tatu. Kufika mchana somo lilikuwa limezikwa chini ya tangawizi, malimao, majani ya mwarobaini, novena, na sauti ya mtu nisiyemjua akieleza namna bora ya kujifukiza. Mzazi mmoja aliuliza kama ile hesabu inanywewa kabla ya chakula au baada. Nadhani alikuwa anatania. Sikucheka.

Na hao ndio wenye simu za kuingia kwenye kundi. Familia nyingi za huku juu zina simu za vitufe, nyingine zinachajiwa kwa jirani, na mwenye simu yenyewe anashinda sokoni mjini. Tukakaa walimu wachache, kila mtu mbali na mwenzake kama tulivyoagizwa, tukakubaliana kwamba masomo yachapwe kwenye karatasi na yapelekwe nyumba kwa nyumba kila wiki. Kisha nikauliza ni nani atakayepanda makorongo yale kwenye tope na furushi la karatasi kichwani. Walimu wakatazama viatu vyao.

Wa kupanda walikuwepo, tena walikuwa hawana kazi. Ndege zilikuwa haziji, watalii hawaji, na wanaume wa vijiji vyetu waliozoea kubeba mizigo ya wageni hadi kwenye barafu sasa walishinda vijiweni wakicheza drafti na kugombana juu ya drafti. Crispin alikuja mwenyewe getini. Alikuwa mwongoza wageni wa miaka mingi, mtu mrefu, mwenye kofia ya sufu ambayo haivui hata jua likiwaka, na ni baba wa Stella wa darasa la tatu. Nyuma yake alisimama Primus, mpagazi wake, ambaye anaongea kuliko redio.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele na milele, amina."

"Nasikia mnatafuta watu wa kubeba. Sisi mzigo hatuna, na miguu imeanza kuoza."

Nikamwambia hatuna cha kuwapa zaidi ya makande ya jikoni kwetu. Akasema makande yanatosha. Siku hiyohiyo akawapanga vijana wake kama anavyowapanga mlimani: mizigo ikapimwa kwa mkono, kila mmoja akapewa njia yake, wenye pumzi wakapewa nyumba za juu kabisa. Yeye akachukua njia ya kwao, ambayo ndiyo ndefu. Zaidi ya hapo akaomba ruhusa akae kidogo na watoto wa njia yake, awasukume, kwa sababu amemaliza kidato cha nne na wazazi wengine wanapiga chenga karatasi zile kama zina moto. Nilikubali haraka. Napenda mtu mwenye mpango.

Hapa lazima nieleze sifa yake, maana ndiyo iliyoleta yote. Watu wa mlimani kila mmoja ana jina lake. Yupo anayesifiwa kwa kupika, yupo anayesifiwa kwa kuimba. Crispin alisifiwa kwa jambo moja: mgeni wake hashindwi. Mpe mzee, mpe bibi mwenye magoti mabovu, mpe kijana aliyezoea kukaa kwenye kiti tangu azaliwe, atamfikisha kileleni. Kwa Crispin wote wanafika, ndivyo walivyosema vijiweni, na yeye mwenyewe alikuwa hachoki kuisikia.

Primus alikuwa na nyongeza yake, aliyoisimulia Crispin akiwa hayupo. Kwamba mara moja tu Crispin alimshusha mgeni njiani, Mjerumani mmoja aliyelewa hewa ya juu mpaka akaanza kuzungumza na mawe. Akamshusha amembeba mgongoni, na yule mgeni akamtukana kwa Kijerumani njia nzima huku anampiga kichwani kwa kofia. Wapagazi walicheka hadi wakakaa chini. Crispin hakupenda ile hadithi isimuliwe. Kwake ilikuwa doa.

Basi karatasi zikawa zinapanda Jumatatu na kushuka Ijumaa, nami nazisahihisha. Mwanzoni watoto waliandika upuuzi ambao watoto huandika, na roho yangu ikatulia. Lakini baada ya muda karatasi za njia ya Crispin zikaanza kubadilika. Isack, mjukuu wa Bibi Veronika, mtoto ninayemjua vizuri na ambaye tangu aanze shule hajawahi kukutana na jibu sahihi ila kwa bahati mbaya, alipata zote. Jirani yake alipata zote. Stella alipata zote, wiki hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Nikaweka alama za vema kwa kalamu yangu nyekundu, ukurasa mzima, kwa sababu majibu yalikuwa sahihi na mwalimu afanye nini.

Nilikuwa na wasiwasi na Stella tangu mwaka uanze. Ni mtoto wa sauti nzuri na kumbukumbu ya ajabu. Ukimsomea ukurasa mara moja anakurudishia wote, hata pale ulipokohoa. Ila yeye na herufi walikuwa hawajaonana. Alipanda darasa la pili kwa kumbukumbu, akapanda la tatu kwa kumbukumbu, na mimi niligundua Februari nikapanga kumshughulikia Machi. Machi dunia ikafungwa. Mwakani atakuwa darasa la nne, na darasa la nne lina mtihani wa taifa wenye maneno ambayo hakuna aliyemsomea. Mtoto asiyesoma akiangukia pale haanzi kujifunza, anaanza kujificha. Atachekesha wenzake, ataugua tumbo kila Jumatatu, na mwisho ataamini kabisa kwamba yeye ni mjinga. Nimewaona wengi, wengine sasa ni watu wazima na wanabatizisha watoto kwetu bila kujua walichokitia sahihi. Hicho ndicho nilichokiogopa kwa Stella. Sasa karatasi zake zikawa zinaniambia sina cha kuogopa, nami sikuziamini.

Mwezi wa Mei, katikati ya mvua, nikamwambia Crispin kwamba Jumatatu hii nakwenda naye.

Tulianzia kwa Bibi Veronika. Crispin alichuchumaa mbele ya Isack chini ya upenu wa banda la ng'ombe, karatasi magotini.

"Haya Isack, pole pole. Sita mara saba. Arobaini na...?"

Isack alitazama migomba. "Na tano?"

"Karibu kabisa! Rudi kidogo. Arobaini na mmm... na mb..."

"Mbili!"

"Umefika!" Crispin akampigia makofi, na Isack akacheka kwa meno yote, akaandika arobaini na mbili kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Sista," Bibi Veronika akaniambia, "huyu mwalimu wenu wa mlimani ni kiboko. Ninyi mnawakalisha watoto kutwa nzima. Yeye anamaliza chai haijapoa."

Nikamwambia ni kweli, anamaliza upesi.

Tulipofika kwenye mfereji nikashindwa kuvumilia. "Crispin, unawapa majibu."

Alisimama. Alishangaa kwa dhati, hilo namkubalia. "Siwapi, Sista. Nawashika mkono. Mgeni akichoka humwachi akae juu ya jiwe. Unamwambia bado kidogo tu, unambebea begi, unamvuta. Akishafika, shida yote anasahau. Anakumbuka amefika."

"Na mtoto atakumbuka nini?"

"Kwamba amepata."

Nilikasirika sana. Lakini mtu huyu alikuwa anapanda mvuani kila wiki kwa sahani ya makande, na watoto walikuwa wanamsubiri barabarani, wakimwona wanakimbilia karatasi za hesabu kwa furaha. Hilo sijaliona kwa mwalimu yeyote wa shule yetu, na nijihesabu na mimi humo. Nikameza nusu ya hasira, nusu nyingine nikaenda nayo nyumbani kwake.

Mkewe, Aikaeli, alitupokea. Ni mama wa Machame, Mlutheri, anauza ndizi soko la Mbuyuni, mtu wa maneno machache. Akatumiminia chai. Stella alitoka chumbani ameoga, amepakwa mafuta, na ukurasa wake wa kusoma mkononi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nisomee."

Alisoma ukurasa ule vizuri kuliko ninavyosoma mimi misani. Baba yake alikuwa amekaa mbele yake kwenye kigoda, barakoa imeshuka chini ya kidevu. Siku zile tulivaa hivyo karibu wote. Videvu vya Watanzania vililindwa ipasavyo. Stella alipomaliza nikageuza karatasi na upande mweupe nikaandika: *Paka wa Primus amelala juu ya kapu.* Nikampa.

Stella aliitazama karatasi kidogo tu, kama mtu anayetazama saa ya ukutani iliyosimama. Kisha akainua macho kwa baba yake. Nami nikafuata macho yake. Midomo ya Crispin ilikuwa inacheza, bila sauti, kama mama anavyofungua kinywa chake mwenyewe anapomlisha mtoto uji.

"Paka," akasema Stella. "Paka wa... Primus."

Naamini Crispin hakujua kama anafanya hivyo.

"Crispin," nikasema, "vaa barakoa yako vizuri. Nina kikohozi."

Sikuwa na kikohozi. Niliungama Jumamosi yake.

Akaipandisha, ikafunika mdomo na pua. Nikaweka kidole kwenye neno lililofuata. Stella alimtazama baba yake. Akasubiri. Kile kitambaa hakikusema kitu. Akamtazama tena, sasa kwa hofu, kisha akakiangalia kidole changu, kisha kwa sauti yake ileile nzuri akaanza kusema sentensi ya kwanza ya ule ukurasa wa mwanzo. Katikati akagundua kwamba siyo.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Aikaeli aliweka chupa ya chai chini.

"Mimi nilijua," akasema. "Nilimwambia baba yake. Akanionyesha karatasi, zina vema nyekundu mpaka chini. Vema za kwako, Sista."

Iliniingia. Nikanywa chai.

Tulipomtuma Stella jikoni nikasema nilichokuja kusema: shule zikifunguliwa, Stella arudi darasa la pili kwa Mwalimu Magreth, anayefundisha herufi moja moja na hana haraka na mtu. Akianza sasa atasoma. Akiachwa apande, darasa la nne litamvunja.

Crispin alisimama, kofia ikagusa kenchi ya paa. "Arudi nyuma?"

"Arudi nyuma."

"Sista, njia nzima hii wananijua. Watoto wa watu wote wanapanda. Wa kwangu ndiye ashuke?"

"Hapandi, Crispin. Umembeba."

"Basi nitambeba." Na akatoka mvuani, akaacha furushi la karatasi kwenye kigoda.

Ijumaa karatasi zililetwa na Primus. Crispin alikuwa ameacha kazi yetu. Watoto wa njia yake walianza tena kukosea, jambo lililonipa faraja, na wakaanza pia kuzichukia karatasi, jambo lililoniuma. Haukupita muda Primus akaniletea habari nyingine, akijifanya haimhusu: Crispin ameuliza mjini, ipo shule ambayo itampokea Stella darasa la tatu bila kumuuliza hata herufi ya kwanza.

Hapo niliogopa kwelikweli. Shule ngeni ingehitaji mwaka mzima kugundua nilichokigundua mimi, na mwaka mzima ndio huo tu aliobakiwa nao mtoto yule. Lakini kwenda kumbembeleza mtu aliyeumia mbele ya mke wake ni kumuumiza tena. Nilisali, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na niliendelea kuchapa karatasi.

Siku moja Primus alikuwa anakula makande barazani, anawasimulia wapishi habari za yule Mjerumani. Amefika pale pa kupigwa kwa kofia. Wapishi wanacheka.

"Primus," nikamuuliza, "huyo mgeni alikufa?"

"Hakufa, Sista! Tulivyofika chini akaomba chakula. Mwaka uliofuata si alirudi? Akakataa watu wote, akamtaka Crispin huyohuyo."

"Na wakapanda?"

"Walipanda kwa siku nyingi kuliko kawaida. Mchana wanapanda, jioni wanashuka kulala chini, mwili uzoee hewa. Ndivyo tunavyofanya na mtu wa namna ile. Mpaka akafika."

"Mbona sehemu hiyo huisimulii?"

Primus alitafuna, akafikiri. "Haichekeshi, Sista."

"Mwambie Crispin nimemuulizia yule Mjerumani."

"Nimwambie hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Hakuleta jibu, nami sikumuuliza. Shule zikafunguliwa mwishoni mwa Juni. Getini tulipanga ndoo za maji zenye koki na sabuni, nami nikasimama hapo kuhakikisha watoto wananawa mikono na siyo kuwamwagia wenzao. Barakoa zilikuwa karibu zimeisha nchini; watu walikuwa wamechoka, na huku kwetu ukivaa ulionekana unaugua. Wazazi walijaa uani wakisalimiana kwa viwiko, wengine wakakumbatiana kabisa.

Niliangalia njia ya juu muda wote. Kengele ya kwanza iligongwa, Crispin hayupo. Nikaanza kuzoea kwamba hatakuja. Ndipo ile kofia ya sufu ikatokea kwenye kona ya kanisa, na chini yake Stella, sare imepigwa pasi, ameshikwa mkono.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista," akasema bila kunitazama.

"Milele na milele, amina."

Stella akanawa. Wakapita mbele ya wazazi wote, mwendo ule wa mlimani usio na haraka. Wakafika mlango wa darasa la tatu. Wakaupita.

"Crispin!" Bibi Veronika aliita, kwa nia njema na kwa sauti ya kusikika hadi Moshi mjini. "Mmepita mlango!"

"Hatujapita, Bibi," akajibu. "Huyu analala chini kwanza."

Bibi Veronika hakuelewa, akamuuliza aliye karibu. Lakini Primus na wapagazi wengine waliokuwa wameleta watoto wao walielewa, na hakuna aliyecheka.

Nikawafuata kwa mbali. Mwalimu Magreth ana kawaida yake: siku ya kwanza anaandika neno moja ubaoni, na kila mtoto anayeingia analisoma akiwa mlangoni kabla hajakaa. Neno la siku ile lilikuwa *jembe*. Wadogo wa darasa la pili walikuwa wameshakaa, wanamkodolea macho dada mrefu aliyesimama mlangoni.

"Karibu, Stella," akasema Mwalimu Magreth. "Tusomee."

Stella aliutazama ubao. Kisha, kama nilivyojua, akageuka kumtafuta baba yake.

Crispin aliingiza mkono mfukoni, akatoa barakoa yake ya kitambaa, imekunjamana, akaivaa. Akaivuta mpaka juu ya pua. Mzazi mmoja nyuma yangu akacheka, akamwambia corona imekwisha, mzee, umechelewa. Juu ya kile kitambaa yalibaki macho, na macho yale yalikuwa yamejaa maji.

Stella alisubiri midomo ambayo haikuwepo. Alisubiri kwa muda mrefu hadi nikakunja vidole ndani ya viatu. Kisha akageuka taratibu, akautazama ubao peke yake, akainua kidole na kukielekeza kwenye herufi ya kwanza, kama nilivyosikia baadaye kwamba mama yake alikuwa amemwonyesha jioni jikoni.

"Je," akasema. "Je... be. Jebe."

Wadogo wakacheka. Mwalimu Magreth akawatuliza, akamwambia aingie akae, wataitafuta ile herufi iliyopotea pamoja.

Alikuwa amekosea. Nilifurahi mpaka nikalazimika kwenda kukagua ndoo za maji, ambazo hazikuhitaji kukaguliwa. Tangu Machi nilikuwa sijaona kosa la Stella.